Mbwa wa Yadi na Mabaki ya Futari

(Mazungumzo kwa vijana na wazazi baada ya swala ya alasiri, siku chache kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhan)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Amma baad.

Wazee wangu, kina mama mlioko upande wa pili wa pazia, na vijana wenzangu. Nimemuomba mwenyekiti anitangulize mbele ya wasemaji wengine, naye kwa ihsani yake amekubali. Sababu ni kwamba saa kumi na mbili kamili jioni nina mgonjwa ananingoja kwenye yadi ya mbao ya Baba, na mgonjwa huyo hajui kusubiri. Ni mbwa. Naona wengine mmeshaanza kucheka. Chekeni tu, hata mimi ningelikaa hapo mlipokaa ningecheka.

Sitaki kuingia katika kazi ya masheikh. Mnajua vizuri kwamba sisi huku pwani wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, na kwetu chombo alichoramba mbwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Hilo halina mjadala leo. Lakini tunajua pia kwamba mbwa wa kulinda, wa kuchunga na wa kuwinda ana ruhusa yake. Suratul Maida aya ya 4 inataja wanyama wa mawindo waliofunzwa, na Suratul Kahf inamtaja mbwa wa wale vijana wa pangoni. Na kile kisa cha mtu aliyeshuka kisimani akajaza maji kwenye kiatu chake ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, mmekisikia tangu mkiwa chuoni. Mimi siku hizi kila nikikisikia hufikiria jambo moja dogo. Yule mbwa alikuwa na kiu, akapewa maji. Hakupewa kitu ambacho yule mtu alikuwa anataka kukitupa.

Sasa nije kwenye kisa changu, na makosa mengi humu ni yangu.

Baba ana yadi ya mbao, na tangu mwaka 2015 tuna mbwa wa kulinda pale. Jina lake Simba, aina ya wale wakubwa wenye masikio yaliyosimama, wanaoitwa German Shepherd. Chakula chake kwa mwaka mzima kilikuwa ni ugali na omena, na siku za Jumapili mapafu ya ng'ombe kutoka kwa bucha. Alikuwa na kilo 34, ngozi inang'aa, na wezi wa mtaa ule walikuwa wanamjua kwa jina.

Ikifika Ramadhan mambo yalibadilika. Nyumbani kwetu, kama kwenu, futari hupikwa kana kwamba tunawangojea wageni arubaini. Sambusa, viazi karai, bhajia, kaimati, mkate wa sinia, mbaazi za nazi, na siku za mwisho wa wiki biriani. Mabaki hayakosekani. Kutupa chakula ni israfu, kwa hivyo mimi ndiye niliyekuwa nikikusanya yote kwenye mfuko, namimina kwenye bakuli la Simba nikienda tarawehe. Nilijiona mtu mwema. Soja wa zamu alikuwa akiniambia, "Huyu mbwa wenu anakula vizuri kuliko mimi." Na kila Ramadhan, kiasi cha wiki ya pili, Simba alikuwa anatapika siku mbili tatu, halafu anapoa. Sisi tukisema, atakuwa amekula panya.

Ramadhan ya mwaka 2022 hakupoa. Siku ya pili ya Idd nilimkuta nyuma ya mbao, amelala kifua chini na nyonga ameziinua juu, anatetemeka, na ukimgusa tumbo analia. Alikuwa ametapika mpaka anatapika maji ya njano. Daktari wa mifugo alikuja, akamtia maji ya mshipa, akampa dawa ya maumivu na ya kuzuia kutapika, akachukua damu. Jibu lilipotoka akaniuliza swali moja tu: "Mnamlisha nini?" Nikamwambia kwa fahari. Akatikisa kichwa.

Akanieleza habari ya kongosho. Mimi neno hili nilikuwa nalisikia kwenye redio tu. Ni kiungo laini, kirefu, kimejificha nyuma ya tumbo kando ya mwanzo wa utumbo mwembamba, kwa binadamu na kwa mbwa. Kina kazi mbili. Ya kwanza ni kutengeneza maji yenye vimeng'enya, yaani vile vitu vinavyovunja mafuta, nyama na wanga ndani ya utumbo. Ya pili ni kutengeneza insulini na kuiingiza kwenye damu, ili sukari iweze kutumika mwilini. Sasa, vile vimeng'enya vya kumeng'enya chakula kwa kawaida huwa vimelala usingizi mpaka vifike kwenye utumbo. Kongosho likivimba, vinaamka humo humo ndani na vinaanza kukila kiungo chenyewe kilichovitengeneza. Ndiyo yale maumivu. Na kwa mbwa, mojawapo ya mambo yanayojulikana kuamsha balaa hii ni mlo wenye mafuta mengi asiouzoea, na kula mabaki ya mezani.

Hebu tupige hesabu ya jikoni kidogo. Mbwa wa kilo 30 anahitaji kama kalori 900 kwa siku akiwa amelala tu, na kama 1400 akiwa na kazi zake za kawaida. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia ni kalori 120. Kwa hivyo vijiko vitatu vya mafuta ni robo ya chakula chake cha siku nzima, na hapo hajatia nyama wala wali mdomoni. Sambusa, bhajia na viazi karai ulivyomimina kwenye bakuli vimenyonya vijiko vingapi? Mimi nilikuwa nampa hayo usiku mmoja, na usiku wa pili, mpaka mwezi mwandamo.

Na si mafuta peke yake. Vitunguu maji na vitunguu saumu, viwe vibichi au vimepikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Zabibu, zile tunazotia kwenye pilau na biriani, zinaweza kuua figo zake, na hakuna anayeweza kukwambia kwa hakika ni zabibu ngapi zitamdhuru mbwa yupi. Mifupa iliyopikwa huvunjika vipande vikali kama sindano. Tende ina sukari nyingi, na kokwa yake ikimezwa inaweza kuziba utumbo. Ukiangalia vizuri, lile fuko langu la wema lilikuwa na karibu kila kitu ambacho mbwa hatakiwi kupewa.

Simba alipona ile mara, lakini kongosho likishapigwa mara nyingi huwa linabaki na makovu. Daktari akasema ugonjwa umeshakuwa wa kudumu. Tukabadilisha chakula. Zamani watu walikuwa wanamnyima mbwa wa namna hii chakula siku kadhaa eti tumbo lipumzike. Siku hizi madaktari wanataka aanze kula mapema iwezekanavyo kutapika kukishadhibitiwa, kidogo kidogo, chakula chepesi kisicho na mafuta. Tukaanza na kifua cha kuku bila ngozi kilichochemshwa na wali laini. Baadaye kwa ajili ya gharama tukarudi kwenye mapafu ya ng'ombe, ambayo kwa bahati hayana mafuta mengi na bei yake ni ndogo. Lakini mapafu na maini, ndugu zangu, msimpe mbwa mabichi. Kuna minyoo inayokaa kama malengelenge ya maji ndani ya mapafu na maini ya mifugo, mbwa akiyala mabichi anaipata, kisha mayai yake yanatoka kwenye kinyesi chake na yakiingia kinywani mwa mtu humfanyia uvimbe mkubwa tumboni au kifuani. Hapa Kenya ugonjwa huu upo, hasa kwa ndugu zetu wafugaji wa kule kaskazini. Chemsha mpaka yaive kabisa. Mimi huyachemsha, nayaacha yapoe usiku kucha kwenye friji, asubuhi natoa ule utando wa mafuta ulioganda juu.

Nilijidanganya kwamba nyama na wali vinatosha. Havitoshi. Kwa wiki mbili hapana neno, lakini mbwa akila hivyo miezi, atakosa chokaa ya mifupa na madini mengine kadhaa. Daktari alitupangia unga wa madini, na chokaa tukaipata kwenye maganda ya mayai yaliyooshwa, yakakaushwa na kusagwa kabisa, kwa kipimo alichotuandikia yeye. Kipimo hicho sikitaji hapa kwa sababu ni cha Simba.

Mwaka 2023 likaja jambo la pili. Simba alianza kunywa maji ndoo nzima. Anakojoa kila saa, anakula anamaliza, na bado anakonda. Mamangu, ambaye hajawahi kumgusa yule mbwa maisha yake yote, alisikia nikimweleza Baba habari hizi tukiwa kwenye chai, akasema, "Hiyo ni sukari. Mimi nilianza hivyo hivyo." Na kweli ilikuwa sukari. Lile kongosho lililokuwa limechakaa limeshindwa na kazi yake ya pili pia.

Hapa naomba mnivumilie niingie historia kidogo, kwa sababu humu ndani wako wengi ambao baba au mama yao anajidunga sindano kila siku. Mwaka 1889 mjini Strasbourg, madaktari wawili, Oskar Minkowski na Joseph von Mering, walimtoa mbwa kongosho ili waone itakuwaje. Yule mbwa akawa anakojoa ovyo, na mkojo wake ulipopimwa ukakutwa na sukari. Hapo ndipo watu walipojua kisukari kinahusiana na kongosho. Mwaka 1921 mjini Toronto, Frederick Banting na Charles Best wakafanya majaribio kwa mbwa waliotolewa kongosho: walipowadunga maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye makongosho, sukari yao ilishuka. Wakahamia kwenye makongosho ya ng'ombe kutoka machinjioni ili wapate dawa ya kutosha. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini. Kabla ya hapo mtoto akipata kisukari cha namna ile wazazi walikuwa wanangojea mazishi. Nilipomsomea Mama habari hii alinyamaza kidogo, halafu akauliza wale mbwa walifanywa nini baadaye. Wengi wao walikufa kwenye majaribio, nikamwambia. Hakusema kitu, lakini tangu siku ile yeye ndiye anayenikumbusha saa ya sindano ya Simba.

Na saa ndiyo habari yenyewe. Mbwa mwenye kisukari karibu kila mara anahitaji insulini, vidonge wanavyopewa baadhi ya watu havimsaidii. Anadungwa mara mbili kwa siku, tofauti ya saa kumi na mbili, na kila sindano inafuata mlo. Milo hiyo miwili iwe sawa: chakula kile kile, uzito ule ule, saa ile ile. Mimi nina mizani ya jikoni, ya yadi peke yake, na napima mpaka gramu. Ukimpa leo kingi kesho kidogo, insulini ikabaki ile ile, sukari inapanda na kushuka kama bembea. Na akikataa kula, usimdunge dozi nzima kwa mazoea. Mpigie daktari kwanza. Insulini bila chakula humwangusha: analegea, anayumba, anatetemeka, pengine anapata kifafa. Ukiona hivyo mpake asali au sukari iliyokorogwa kwenye ufizi, usimmiminie kooni asije akapaliwa, kisha mkimbize kwa daktari.

Ramadhan ya kwanza na ugonjwa huu, nikafanya ujanja wangu. Nikasema, nyumba nzima inaamka daku, basi nitamlisha Simba saa kumi alfajiri, na jioni nitamlisha baada ya futari, saa kumi na mbili unusu. Nikaona nimerahisisha. Daktari akaniambia nihesabu kwa vidole. Kutoka saa kumi alfajiri mpaka saa kumi na mbili unusu jioni ni saa kumi na nne unusu, na kutoka jioni ile mpaka daku ni saa tisa unusu. Nilikuwa nimemfungisha mbwa. Mbwa hafungi, jamani. Hata Mama mwenyewe daktari wake amemkataza kufunga, naye anatoa fidia na moyo wake umetulia, sembuse mnyama ambaye hakuandikiwa.

Kwa hivyo ni saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, Ramadhan na isiyokuwa Ramadhan. Saa kumi na mbili jioni ndiyo saa mbaya kuliko zote kwa mtu aliyefunga, kama mnavyojua. Koo limekauka, jikoni mafuta yanalia, na mimi niko yadini napima nyama ya mbwa kwenye mizani. Namlisha, namdunga, navua glavu, naosha mikono, na adhana ya magharibi inanikuta njiani na tende mfukoni. Nisiwafiche, siku za mwanzo nilikuwa nanung'unika njia nzima.

Kuhusu usafi, wengi huniuliza. Bakuli lake, sufuria yake, mwiko wake na kisu chake viko yadini na havivuki lango. Glavu navaa wakati wa kumlisha kwa sababu ya mate. Sindano inaingia shingoni kwenye ngozi kavu kwa mkono mkavu. Nina kanzu ya nyumbani na shati la yadi, basi. Ni jambo la mpango tu.

Kuna kisa kimoja ambacho bado kinanitisha. Insulini ya mbwa inayotengenezwa viwandani kwa ajili ya wanyama mara nyingi ni ya nguruwe, maana insulini ya nguruwe na ya mbwa ni sawa sawa. Daktari wetu akatuandikia badala yake insulini ya binadamu, ile nyeupe ya mawingu, inayofanana na anayotumia Mama. Ikakaa friji moja na ya Mama, kwenye kopo la biskuti lililoandikwa SIMBA kwa kalamu nyekundu. Siku moja sindano zikaniishia, nikanunua nyingine kwenye duka la dawa za mifugo. Jioni ile Mama alikuwa ameshika moja anaitazama kwenye mwanga. "Hizi si kama zangu," akasema. "Mistari yake ni mipana." Kumbe sindano zile zilikuwa za insulini ya vipimo 40 kwa kila mililita, na dawa yetu ilikuwa ya vipimo 100. Ningevuta mpaka mstari ule ule niliouzoea, ningemtia Simba dozi mara mbili na nusu ya ile aliyopangiwa. Asingefika alfajiri. Kwa hivyo wenye wagonjwa wa sukari nyumbani, wa miguu miwili au minne, someni namba kwenye chupa na namba kwenye sindano, zilingane.

Jambo la tatu lilikuja mwaka 2024, na hili ndilo lililotutoa jasho. Simba alikuwa anakula chakula chake chote, insulini anapata, na bado mbavu zinahesabika. Akafika kilo 24. Kinyesi chake kikawa kingi mno, cheupe kama udongo, kina mafuta, na alikuwa anataka kukila tena. Damu ikapimwa kipimo kinachoitwa TLI, ikaonekana kongosho halitoi tena vimeng'enya. Chakula kinaingia na kinatoka bila kuvunjwa. Mbwa anakufa njaa na bakuli limejaa mbele yake.

Dawa yake ni kumpa vimeng'enya kutoka nje, vichanganywe na kila mlo. Upo unga wake, lakini ghali, na mwingi wake umetengenezwa kwa kongosho la nguruwe. Kabla hatujaanza kutafuta fatwa, daktari akasema kuna njia nyingine ya zamani: kongosho bichi la ng'ombe, likatwe vipande vidogo vidogo au lisagwe, lichanganywe na chakula. Lisipikwe, kwa sababu moto unaviua vimeng'enya vyote. Kuganda kwenye friza hakuviui, linaweza kukaa miezi. Na lazima litoke kwa ng'ombe aliyekaguliwa na mpima nyama, ukikumbuka habari ile ya minyoo.

Nikaenda kwa bucha wetu. "Nataka kongosho." Akaniuliza ndiyo nini. Nikamwonyesha kwa mikono, akanipa bandama. Siku ya pili akanipa tezi za shingo. Mwisho nikaenda mwenyewe machinjioni alfajiri, mzee mmoja wa pale akanielewa mara moja, akaingiza mkono kando ya utumbo akatoa kinyama cha waridi chenye vijichembe vijichembe. "Hiki tunatupa," akasema. Siku hizi ananiwekea. Tulianza na gramu 90 kwa kila mlo, tukapunguza polepole baada ya kinyesi kuwa kigumu. Pia anadungwa vitamini B12, kwa sababu mbwa wa ugonjwa huu wengi huikosa hata wakila vizuri.

Na hapa ndipo utaona kwa nini mbwa wa namna hii hawezi kulishwa kwa kubahatisha. Mbwa wa kisukari peke yake mara nyingi hushauriwa chakula chenye makapi mengi, ili sukari isipande kwa haraka. Lakini mbwa asiyekuwa na vimeng'enya, makapi mengi yanamzuia kufaidi kile kidogo anachopata. Ugonjwa mmoja unavuta huku, mwingine unavuta kule. Nilitaka kumridhisha kila mmoja, nikawa namwekea mboga za majani na maharagwe, akaanza kuhara upya. Daktari akasema tumbo kwanza: mpe chakula kinachoyeyuka kwa urahisi, kisicho na mafuta, na insulini tutaipanga ifuate chakula hicho. Wali, mapafu, kuku kidogo, malenge kijiko kimoja, kongosho lake, madini yake. Hicho hicho kila siku. Wageni wanasema, maskini, hachoki? Hachoki. Anayechoka ni binadamu.

Kuna ndugu mmoja aliniambia kwa uwazi, nami nilimpenda kwa uwazi wake: "Watu hawana futari, wewe unampikia mbwa kuku." Neno zito. Nilirudi nyumbani nikapiga hesabu. Mapafu, mchele wa chenga, na kile kinyama kinachotupwa, vyote pamoja vilikuwa chini ya mafuta ya kukaangia tuliyokuwa tukiyamaliza kwa sambusa ambazo hakuna aliyezila. Insulini na daktari ndivyo vinavyouma, sikatai. Mwaka ule Mama alipunguza vyakula vya futari kutoka aina saba hadi tatu, na mabaki yaliyo mazima anayafunga kabla ya isha, yanapelekwa kwa jirani mwenye mayatima yakiwa bado na moto. Zamani yalikuwa yanakaa mpaka yanafika kwa mbwa. Simba hapati hata punje.

Sasa ana miaka kumi na kitu, na haoni. Mbwa wengi wa kisukari hupata mtoto wa jicho, wengine ndani ya mwaka mmoja tu, na yeye hakusalimika. Baba aliniita siku moja tukiwa wawili. Akasema, "Mwanangu, mbwa tumeruhusiwa kwa ajili ya kulinda. Huyu halindi tena. Wa nini?" Halikuwa swali la ukatili. Baba ni mtu wa dini na mtu wa hesabu. Nilimjibu nilivyoweza, kwamba alilinda miaka saba macho yakiwepo, na kwamba mkono uliomtia maradhi ni wangu. Daktari kwa upande wake alisema siku tukiona hali tena, hasimami tena, maumivu hayazuiliki, tumwite, asiachwe ateseke, lakini siku hiyo bado. Baba akawaza. Halafu akaenda kununua mbwa mwingine, kijana, akamfunga upande wa lango. Simba akahamishiwa kivulini karibu na mashine ya kukatia, pale ambapo hakuna aliyemwambia abweke lakini bado anabweka gari geni likisimama.

Juzi daktari alimpima, amefika kilo 28.

Nafikiri nimekula dakika za wenzangu. Sasa hivi ni saa kumi na moja na dakika arubaini, nyama yake imeshapimwa iko kwenye kopo nyuma ya pikipiki. Mwenye swali anifuate mpaka langoni, nitamjibu nikiwa nawasha.

Wabillahi tawfiq.